Irena Szewińska: Malkia wa mbio fupi aliyehamia meza ya maamuzi

Julai 29, 1976, wanawake wanane walijipanga katika Uwanja wa Olimpiki wa Montreal, Kanada, kwa fainali ya mita 400. Afrika haikuwa na mtu. Nchi zetu, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilikuwa zimesusia michezo ile kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu. Ndiyo maana huku kwetu Montreal hukumbukwa zaidi kwa pambano ambalo halikufanyika, lile la mita 1500 ambalo lingewakutanisha Filbert Bayi wa Tanzania na John Walker wa New Zealand. Hizi za mita 400 zilifanyika, na zina mambo yanayotuhusu.

Hadi mita 300, Christina Brehmer wa Ujerumani Mashariki, binti wa miaka 18, alikuwa bado yuko ubavuni mwa mwanamke mrefu wa Polandi aliyekuwa na miaka 30 na mtoto mmoja nyumbani. Mita 100 za mwisho za mbio hizi ni adhabu: miguu inajaa, mabega yanapanda, mkimbiaji anaanza kukimbia kwa shingo. Irena Szewińska hakupandisha mabega. Aliendelea na hatua zake zilezile ndefu, na wenzake ndio wakawa wanarudi nyuma. Alikata utepe kwa sekunde 49.28, rekodi mpya ya dunia. Brehmer alifika kwa 50.51, Ellen Streidt, naye wa Ujerumani Mashariki, kwa 50.55, na Pirjo Häggman wa Ufini akakosa shaba kwa moja ya mia ya sekunde, 50.56.

Huyo wa nne namtaja kwa makusudi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1981, Häggman na Flor Isava Fonseca wa Venezuela walikuwa wanawake wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, chombo kilichoundwa mwaka 1894. Szewińska aliingia mwaka 1998. Fainali moja ya chini ya dakika moja ikatoa wajumbe wawili wa meza ya juu kabisa ya michezo duniani, na wawili hao wakapishana mlangoni kwa namna ambayo nitaieleza.

Szewińska alizaliwa Mei 24, 1946, mjini Leningrad, Muungano wa Sovieti, akiitwa Irena Kirszenstein, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka uliofuata familia ilihamia Polandi. Yafaa tuielewe Polandi hiyo. Warsaw ilikuwa vifusi, maana majeshi ya Hitler yalikuwa yameibomoa mtaa kwa mtaa. Wayahudi wapatao milioni tatu wa nchi hiyo walikuwa wameuawa. Mtoto wa Kiyahudi aliyekulia hapo baada ya vita alikulia miongoni mwa waliosalia.

Akiwa na miaka 18 tu alikwenda Tokyo kwenye Olimpiki ya 1964. Alipata fedha katika kuruka chini kwa mita 6.60, nyuma ya Mary Rand wa Uingereza. Akapata fedha nyingine katika mita 200, nyuma ya Edith McGuire wa Marekani kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kisha mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne: Teresa Ciepły alianza, Irena akapokea, Halina Górecka akafuata, na Ewa Kłobukowska akamalizia. Wamarekani walikuwa na McGuire huyohuyo na Wyomia Tyus, bingwa wa mita 100. Wasichana wa Polandi waliwashinda kwa sekunde 43.6, rekodi ya dunia.

Katika mwanzo wa mbio Irena hakuwa hodari sana. Alikuwa na urefu wa mita 1.76, na mwili mrefu huchelewa kufunguka kutoka kwenye vibao vya kuanzia. Ushindi wake ulikuja baadaye, pale wengine walipokuwa wamemaliza kila walichonacho. Hata hivyo, Julai 1965 mjini Prague yeye na Kłobukowska walifikia rekodi ya dunia ya mita 100, sekunde 11.1, na mwezi uliofuata akaweka rekodi ya mita 200 ya sekunde 22.7. Mwaka 1966, katika ubingwa wa Ulaya mjini Budapest, alitwaa dhahabu tatu: mita 200, kuruka chini na vijiti. Mita 100 alizipoteza kwa Kłobukowska.

Budapest ndiko lilikoanza jambo lililomharibia Kłobukowska maisha ya michezo. Wanawake waliotaka kushiriki walitakiwa kupita uchi mbele ya jopo la madaktari ili ithibitishwe kwamba ni wanawake. Wakubwa wa riadha walisema wanalinda haki. Kłobukowska alipita. Mwaka uliofuata, mjini Kyiv kwenye Kombe la Ulaya, macho ya madaktari yaliongezewa kipimo cha kromosomu, na safari hii aliambiwa hakufaulu. Alikuwa na miaka 20. Hakuwa amemeza dawa yoyote wala kumdanganya mtu. Alizaliwa msichana, akalelewa msichana, akakimbia na wasichana. Habari ikatangazwa duniani kote, naye akaondoka kwenye riadha moja kwa moja. Mwaka 1970 Shirikisho la Kimataifa la Riadha, IAAF, lilizifuta rekodi zake za dunia. Ile ya vijiti ya Tokyo ilikuwamo, kwa hiyo Irena, Ciepły na Górecka nao walinyang'anywa rekodi waliyoitolea jasho. Medali za Olimpiki hazikuguswa.

Naomba msomaji akumbuke hilo. Mwanamke ambaye baadaye angekaa ndani ya Baraza la IAAF alishawahi kuonja uamuzi wa meza hiyohiyo, na aliyeumizwa zaidi alikuwa mwenzake wa timu, mtu aliyekuwa akimpita na kupitwa naye mashindanoni.

Mwaka 1967 aliolewa na Janusz Szewiński, mpigapicha wa habari, akachukua jina ambalo dunia inamjua nalo. Machi 1968 chama tawala cha Polandi chini ya Władysław Gomułka kilianzisha kampeni ya wazi dhidi ya Wayahudi. Watu walifukuzwa kazi na vyuo, wakaitwa wasaliti magazetini, na zaidi ya watu 13,000 wakaondoka nchini katika miaka michache, wengi wakinyang'anywa uraia mlangoni. Irena alibaki. Oktoba ya mwaka huohuo alisimama Mexico City akiwa amevaa nembo ya taifa hilohilo, akashinda mita 200 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 22.5, na akapata shaba katika mita 100. Katika vijiti, kijiti kilimponyoka kabla timu haijafika fainali. Kuiletea dhahabu nchi ambayo mwezi Machi ilikuwa ikiwaambia watu wa asili yako waondoke kunahitaji kifua, na mimi naiona siku ile ya Mexico kuwa ushindi mzito kuliko ule wa Montreal, ingawa Montreal ndiyo yenye muda wa kuvutia.

Alimzaa mwanawe wa kwanza mwaka 1970. Wakati ule mwanariadha akijifungua watu walihesabu kwamba amestaafu. Munich mwaka 1972 alipata shaba ya mita 200, nyuma ya Renate Stecher wa Ujerumani Mashariki na Raelene Boyle wa Australia, na wapo walioona kwamba hiyo ndiyo salamu yake ya kwaheri. Mumewe akawa kocha wake. Mwaka 1974, akiwa na miaka 28, alifanya kitu ambacho mpaka leo najiuliza kama tunakipa uzito wake. Rekodi ya dunia ya mita 400 ya wanawake ilikuwa sekunde 51.0. Juni 22, mjini Warsaw, alikimbia 49.9. Alipunguza sekunde moja na ushei kwa mkupuo mmoja, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya sekunde 50. Miezi michache baadaye, mjini Roma, alimshinda Stecher katika mita 100 na 200 za ubingwa wa Ulaya.

Mpaka leo hakuna mwanariadha mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kushika rekodi za dunia za mita 100, 200 na 400. Mbio hizo tatu zinahitaji miili tofauti. Ya kwanza inataka mlipuko, ya mwisho inataka uvumilivu wa maumivu. Ile 49.28 ya Montreal ilibaki rekodi ya taifa la Polandi kwa miaka 48, hadi Natalia Kaczmarek alipokimbia 48.98 mjini Roma mwaka 2024 na kuwa bingwa wa Ulaya.

Olimpiki yake ya tano, Moscow 1980, iliishia nusu fainali akiwa na maumivu. Hesabu yake ilifungwa kwa medali saba za Olimpiki: dhahabu tatu, fedha mbili, shaba mbili.

Sasa tuingie ofisini. Wanariadha wetu wengi wakistaafu hupotea, wengine hufungua biashara au shamba, wachache hugombea uongozi. Kipchoge Keino alikuwa mjumbe wa IOC na kuongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya kwa miaka mingi. Paul Tergat alimfuata katika nafasi zote mbili. Bayi aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kila uchaguzi wa chama cha michezo ukikaribia hapa kwetu, utasikia hoja ileile vijiweni na redioni: tupeni waliocheza, hawa wasiocheza wanatuua. Maisha ya Szewińska ni mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo, kwa kuwa yeye alikimbia kuliko wengi na alikaa kitini kuliko wengi.

Alikuwa na kitu ambacho wanariadha wengi hawana: shahada ya uchumi ya Chuo Kikuu cha Warsaw, aliyoipata katikati ya miaka yake ya mbio. Mwaka 1997 alichaguliwa rais wa chama cha riadha cha Polandi. Mfumo wa zamani, ambamo serikali ya kikomunisti iligharimia klabu, kambi na makocha, ulikuwa umeanguka tangu 1989. Rais wa chama katika hali hiyo huomba. Huenda wizarani, huenda kwa wenye kampuni, hurudi kuwaambia makocha kwamba kambi ya majira ya baridi itakuwa ya wiki mbili badala ya nne. Mtu ambaye jina lake linajulikana na kila bibi na babu nchini hufunguliwa milango haraka zaidi, na hapo sifa ya uwanjani ina faida ya kweli.

Katika miaka 12 ya uongozi wake Polandi ilivuna. Sydney mwaka 2000, Robert Korzeniowski alishinda matembezi ya kilomita 20 na 50, Szymon Ziółkowski akashinda kurusha nyundo, na Kamila Skolimowska, msichana wa miaka 17, akashinda nyundo ya wanawake, iliyokuwa ikiingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Beijing 2008 Tomasz Majewski alitwaa dhahabu ya tufe. Dhahabu hizo zina wenyewe, na makocha wao. Hata hivyo, orodha hiyo inaonyesha jambo: malkia wa mbio fupi aliongoza chama kilichong'ara katika nyundo, tufe na matembezi, na chama hakikugeuzwa kuwa cha mbio fupi kwa kuwa rais alitoka huko. Hilo ni jambo la kujifunza kwa vyama vyetu, ambako mwenyekiti akitoka mkoa fulani, timu nayo hutoka mkoa huo.

Mwezi Februari 2009 Skolimowska alifariki ghafla akiwa kambini Ureno, na miaka yake ilikuwa 26. Mashindano ya kumkumbuka leo ni sehemu ya Diamond League, huko Chorzów, ambako Wakenya na Waethiopia hukimbia karibu kila mwaka. Mwaka huohuo wa 2009 Szewińska aliondoka kwenye urais wa chama.

IOC aliingia mwaka 1998, na mwaka huo haukuwa mzuri. Desemba ililipuka kashfa ya Salt Lake City: wajumbe wa IOC na jamaa zao walikuwa wamepewa fedha, zawadi, ajira na ada za masomo na watu waliotaka mji huo uandae Olimpiki ya majira ya baridi ya 2002. Wa kwanza kujiuzulu, Januari 1999, alikuwa Pirjo Häggman, baada ya kufichuka habari za ajira alizopewa mumewe wa wakati ule. Kwa Afrika Mashariki pigo lilikuwa Charles Mukora wa Kenya, aliyejiuzulu mwezi huohuo huku akikana kwamba alitenda kosa. Mukora alikuwa kocha wa Kenya kule Mexico 1968, kwenye uwanja uleule ambao Irena aliweka rekodi yake. Mkimbiaji wa Montreal akatoka, mwingine wa Montreal akawa ndiyo kwanza anaingia. Wote wawili waliwahi kuzijua mita 100 za mwisho za mbio za 400, na kuzijua hakukumzuia mmoja wao kujikuta mahali pagumu. Szewińska alikaa kwenye kiti hicho miaka 20, mpaka kifo, na jina lake halikuingia katika kashfa ya namna ile. Kwa chombo kama kile na kwa muda kama ule, hiyo si sifa ndogo.

Lakini usafi wa mikono ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusema, na hapa ndipo ninapopata shida na mama huyu ninayemheshimu sana.

Mwaka 2005 alichaguliwa kuingia Baraza la IAAF. Mwaka 2009, mjini Berlin, Caster Semenya wa Afrika Kusini, naye akiwa na miaka 18 kama Irena wa Tokyo, alishinda mita 800 za ubingwa wa dunia, na kabla hata hajavaa medali dunia nzima ilikuwa imeshaambiwa kwamba anapimwa jinsia. Mwaka 2011 IAAF lilipitisha kanuni ya kuwabana wanawake ambao miili yao yenyewe huzalisha homoni ya testosteroni kwa wingi. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliisimamisha mwaka 2015 kutokana na kesi ya mkimbiaji wa mbio fupi wa India, Dutee Chand. Aprili 2018 ikatangazwa kanuni mpya, kali zaidi, iliyoanzia mita 400 mpaka maili moja. Mita 400 zilikuwa mbio za Irena mwenyewe.

Kanuni hii ilipiga hodi kwetu. Katika mita 800 za Rio 2016, dhahabu ilikwenda kwa Semenya, fedha kwa Francine Niyonsaba wa Burundi, shaba kwa Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu waliambiwa wapunguze homoni kwa dawa au waache mbio hizo. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, akamaliza wa tano katika mita 10,000 za Olimpiki ya Tokyo na kuweka rekodi ya dunia ya mita 2000 mwaka 2021. Wambui hakupata njia kama hiyo. Aliwahi kupendekeza hadharani kwamba liundwe kundi la tatu la mashindano, na pendekezo hilo halikufika popote.

Wanaozitetea kanuni hizi wana hoja ambayo siidharau: kundi la wanawake lina maana tu ikiwa mipaka yake inalindwa, na wapo wasichana wanaokosa fainali kwa sekunde chache ambao nao wana machozi yao. Kinachonisumbua ni jinsi mambo yanavyofanywa. Kyiv 1967 na Berlin 2009 zinafanana mno: msichana anapimwa, habari inavuja, jina linachafuliwa, halafu ndipo wakubwa wanakaa kutunga utaratibu. Kati ya wote waliopita kwenye vyumba vile vya mikutano, Szewińska ndiye aliyeweza kusimama na kusema: nilikuwapo, nilikimbia na Ewa, mlichomfanyia nakijua, na rekodi yangu mwenyewe mliifuta. Uzito wa sauti hiyo usingelingana na wa daktari yeyote wala mwanasheria yeyote. Vikao vile vya Baraza hufanyika milango ikiwa imefungwa, nami simhukumu kwa yaliyosemwa ndani. Nasema tu kwamba aliyekalia kiti kile alikuwa na deni kwa Kłobukowska, na deni hilo lilistahili kulipwa nje, hadharani, kwa sauti ambayo Niyonsaba angeisikia Burundi na Wambui angeisikia Kenya.

Szewińska alifariki Juni 29, 2018, mjini Warsaw, kwa saratani, akiwa na miaka 72. Miaka miwili kabla, nchi yake ilikuwa imemvika nishani ya Tai Mweupe, iliyo ya juu kuliko zote. IAAF ilikuwa imemweka tangu 2012 miongoni mwa wa kwanza katika orodha yake ya magwiji, na mjini Bydgoszcz hufanyika mashindano yenye jina lake. Amezikwa katika makaburi ya kijeshi ya Powązki.

Mjadala aliouacha haujalala. Tangu Septemba 1, 2025, World Athletics, jina jipya la IAAF, imemtaka kila mwanamke anayeshindana katika mashindano yake ya ubingwa wa dunia awe amepimwa jeni iitwayo SRY, mara moja katika maisha. Michuano ya kwanza chini ya sharti hilo ilifanyika Tokyo mwezi huohuo. Wanawake wa Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi wamo ndani ya sharti hilo sawa na wa Ulaya, na watakaopata tatizo kwanza ni wale wa vijijini, ambao kipimo hicho kitakuwa mara ya kwanza kuambiwa lolote kuhusu miili yao.

Baraza linalopitisha kanuni hizo huchaguliwa na mkutano mkuu, na katika mkutano mkuu kila chama cha taifa kina kura moja. Kenya moja, Burundi moja, Tanzania moja, Polandi moja. Wambui na Niyonsaba wako hai na wanayo ya kusema. Wajumbe wetu wakipanda ndege kwenda kwenye mkutano ujao, je, watakuwa wamekaa nao kwanza?